Bibi wa Ohio aliyeuliza kama kwetu tunakula paka

"Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Malindi. Tulikuja Columbus, Ohio, mwaka 2019, mimi, mume wangu na mtoto, kwa ile bahati nasibu ya green card, na mwaka jana tukaapa uraia. Kazi yangu ni kutunza wazee. Sebuleni mwao runinga ni Fox kutwa kucha, na ukigusa remoti umetafuta ugomvi. Nikirudi nyumbani nakuta mume wangu amewasha CNN au ile iliyokuwa ikiitwa MSNBC, na usiku halali. Ananiambia hata sisi tulioapa tutarudishwa. Mwanangu wa miaka kumi na sita anatucheka sote, habari zake anazitoa TikTok. Sasa juzi bibi mmoja ninayemwogesha, ananipenda na huniita binti yake, aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli kwetu watu hula paka. Nililia garini. Nilipomhadithia mume wangu akasema, lisemwalo lipo, huenda wapo waliokula. Novemba hii nitapiga kura mara yangu ya kwanza. Nimwamini nani? Na nimesikia zamani kulikuwa na sheria ya kulazimisha runinga ziseme ukweli wa pande zote mbili, ikafutwa. Kwa nini wasiirudishe?"

Dada yangu, pole sana. Nianze na huyo paka, maana ndiye aliyekutoa machozi, na pia kwa sababu ukimfuata nyayo zake atakuonyesha karibu kila kitu unachotaka kujua kuhusu habari za Marekani.

Kisa chenyewe ni cha majirani zako. Springfield iko kama maili 45 magharibi ya Columbus. Ukienda Dayton kwa barabara ya 70 unaipita. Ni mji wa viwanda uliokuwa unapungukiwa watu, kisha katika miaka michache wakaingia maelfu ya Wahaiti kwa ajili ya kazi, wengi wao wakiwa na vibali halali. Kodi za nyumba zikapanda, kliniki zikajaa, shule zikatafuta walimu wa lugha. Agosti 2023 Mhaiti mmoja aligongana na basi la shule, mtoto wa miaka 11 akafa. Manung'uniko yalikuwepo basi, na mengine yalikuwa ya haki. Nayataja kwa sababu uvumi hauoti juu ya mwamba. Hutafuta udongo uliokwisha kulimwa.

Mwanzoni mwa Septemba 2024 ikaenea habari ya mtu wa Springfield aliyeandika Facebook kuhusu paka wa rafiki wa binti wa jirani yake. Hebu ihesabu hiyo minyororo. Baadaye mwandishi wa maneno yale alijuta hadharani, akasema hakushuhudia chochote. Mwanamke mwingine aliwaambia polisi anashuku majirani zake Wahaiti wamemchukua paka wake. Siku chache baadaye paka akaonekana chini ya nyumba yake mwenyewe, kwenye chumba cha ghala, mzima wa afya, na mama wa watu akaenda kuwaomba radhi majirani. Kulikuwa pia na video ya mwanamke aliyekamatwa kwa kula paka kweli, ila huyo alikuwa Canton, upande mwingine kabisa wa Ohio, na ni Mmarekani wa kuzaliwa. Vitu hivi vitatu vilichanganywa chungu kimoja. Septemba 9, J. D. Vance, seneta wenu wakati ule, akavirusha mtandaoni. Septemba 10, Donald Trump akavisema kwenye mdahalo na Kamala Harris, mbele ya watazamaji milioni 67. Mwendesha mdahalo alipomwambia kwamba meneja wa jiji amesema hakuna taarifa yoyote ya kuaminika, jibu la Trump lilikuwa kwamba amewaona watu kwenye runinga wakisema.

Pale ndipo nilipoweka kikombe chini. Runinga inamnukuu mwanasiasa, mwanasiasa anainukuu runinga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeendesha gari hadi Springfield.

Siku zilizofuata vikaja vitisho vya mabomu zaidi ya 30. Shule zikahamishwa watoto, ofisi ya jiji ikafungwa. Vyote vilikuwa vya uongo. Aliyesimama kulisema hilo ni Gavana Mike DeWine, mzaliwa wa Springfield na Mrepublican, chama kimoja na Trump. Akawatetea Wahaiti, akasema ni watu wa kazi. Kwa hiyo mwambie shemeji yangu kwamba methali yake ni nzuri lakini hapa imekwama. Lilisemwa, halikuwepo, na mpaka leo halijaja.

Sasa tazama walivyojipanga watu wa kisa hiki. Walio karibu na jambo, yaani polisi wa mji, meneja wa jiji, gavana, gazeti la pale Springfield News-Sun, walizungumza kwa uangalifu na walisema hapana. Walio mbali, studio za New York na Washington, ndio waliokuwa na uhakika. Nimehariri taarifa za habari miaka kumi na minane, na kama kuna kitu kimoja nitakachokuachia ni hiki: katika habari za Marekani pima umbali kwanza, chama baadaye. Uliza huyu anayesema yuko hatua ngapi kutoka kwenye tukio.

Hapo huenda utaniuliza, kwani Fox na CNN hawana waandishi? Wanao, na wengine hodari. Lakini hicho sicho wanachokiona wazee wako saa nyingi za siku. Sisi tuliolelewa na taarifa ya habari ya redio ya taifa tunadhani kituo cha habari ni kituo cha habari. Kebo ya Marekani, yaani runinga ya kulipia inayopita kwenye waya, ni kitu kingine. Chukua kile kipindi cha Fox kinachotazamwa kuliko vyote, The Five, saa kumi na moja jioni: watu watano wamezunguka meza wanapiga soga, wanataniana, wanamsema asiyekuwepo. Dada, hiyo ni baraza. Ni kijiwe cha kahawa chenye taa na vipodozi. Hakuna anayekwenda kijiweni kutafuta habari. Anakwenda kutafuta wenziwe. Kuanzia saa mbili usiku ndiyo kabisa, ni mtu mmoja na maoni yake, Fox huku kwa wahafidhina na MS NOW, ndiyo ile MSNBC ya zamani, kule kwa waliberali, kila mmoja na msikiti wake.

Wenyewe wanalijua hilo, na wamelisema mahakamani. Mwaka 2019 Fox ilishtakiwa kwa maneno ya mtangazaji wake Tucker Carlson. Mawakili wake wakajitetea kwamba mtazamaji mwenye akili anajua yale ni maneno ya kutia chumvi, si taarifa ya ukweli. Jaji akakubali, kesi ikafutwa. Mwaka huo huo MSNBC ilishtakiwa kwa maneno ya mtangazaji wake Rachel Maddow, na utetezi ukawa jamaa ya ule ule, nao ukashinda. Wapinzani wawili wasioweza kunywa chai meza moja, wakili wao karibu aliwasomea karatasi moja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia bibi yako.

Pesa zake huendaje? Kila nyumba yenye kebo hukatwa kiasi fulani cha Fox na CNN kila mwezi, iwashe isiwashe, na juu yake kuna matangazo. Fox inahitaji milioni mbili tatu tu za watu waaminifu kila jioni, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 340. Mtu mwaminifu hapatikani kwa kumwambia asichotaka kusikia. Ushahidi tunao. Usiku wa uchaguzi wa 2020 Fox ilitangaza, kwa usahihi, kwamba Biden ameshinda Arizona. Watazamaji wakakasirika, wengine wakahamia kituo shindani, Newsmax. Ndani ya kampuni ikaingia hofu, na hewani wakapewa nafasi watu waliodai mashine za kampuni ya Dominion zimeiba kura. Ujumbe wa simu uliotolewa mahakamani ulionyesha kwamba watangazaji na wakubwa zao hawakuyaamini madai yale. Aprili 2023 Fox ililipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi.

Nisikufiche msimamo wangu: sioni upande wa pili ulikofanya kosa la ukubwa huo, na atakayekuambia "wote ni sawa" anajipumzisha na kazi ya kufikiri. Lakini mumeo asichekelee. Mwaka 2016 vituo vyote vya kebo, CNN ikiwemo, vilionyesha jukwaa tupu vikimsubiri Trump apande, wakati wagombea wengine wanahutubia watu. Trump alileta watazamaji, na watazamaji ni pesa. Tena kwa muda mrefu ukisema Joe Biden amezeeka, meza zile zilikuona mchochezi, mpaka Juni 27, 2024, alipoingia kwenye mdahalo Atlanta na nchi nzima ikaona kwa macho yake. Wiki tatu na ushei baadaye akajitoa. Ilikuwa baraza vilevile, ila wenyeji wengine.

Tuje kwenye sheria uliyoisikia, maana ilikuwepo lakini sivyo inavyosimuliwa. Ilikuwa kanuni ya Tume ya Mawasiliano, FCC, ya mwaka 1949. Iliwataka wenye leseni za masafa ya hewani, redio na runinga za kawaida, wajadili mambo yenye mvutano na watoe nafasi kwa mitazamo tofauti. Haikudai muda sawa kwa kila upande, na haikuwa kipimo cha ukweli. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mwaka 1969 kwa hoja kwamba masafa ni machache, basi anayepewa amewekewa amana. Mwaka 1987 Bunge lilijaribu kuifanya sheria kamili, Rais Ronald Reagan akaikataa, na wiki chache baadaye FCC ikaiacha. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa wahafidhina, akaanza kusikika nchi nzima, kwa hiyo redio kweli ilibadilika. Lakini Fox News, iliyozaliwa 1996, inapita kwenye waya na setilaiti, haina leseni ile ya masafa. Ungeirudisha kanuni leo kama ilivyokuwa, bibi angeendelea kutazama anachotazama.

Hilo la kwanza. La pili ni la mtu wa Malindi kumwambia mtu wa Malindi. Wewe Januari 30, 2018 ulikuwa nyumbani. Unakumbuka serikali ilipozima Citizen, NTV na KTN kwa sababu zilitaka kuonyesha Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park? Mahakama ikaamuru zirudishwe, serikali ikakaa siku kadhaa bila kutii. Kila ukisema "kuwe na chombo cha kulazimisha haki katika habari", jiulize nani atakikalia kiti chake. Marekani haijasalimika. Septemba 2025 mwenyekiti wa FCC, Brendan Carr, aliongea kwa vitisho kuhusu vituo vya ABC kwa sababu ya maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel. Kipindi kikaondolewa hewani. ABC walipokirudisha, Channel 6 yenu ya Columbus, ambayo ni ya kampuni ya Sinclair, haikukionyesha kwa siku kadhaa zaidi. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2018 iliwafanya watangazaji wa miji kadhaa wasome karatasi moja, neno kwa neno, kuhusu hatari ya habari za uongo. Unaona basi kwamba hata ukaribu unaweza kununuliwa. Sitaki kanuni ile irudi. Najua wenzangu wengi kazini hawakubaliani nami.

Kinachoniuma zaidi ya Fox ni magazeti ya miji. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya magazeti 3,000. Yalikuwa ndiyo yenye mtu wa kukaa kwenye kikao cha baraza la mji saa tatu, asinzie, aamke, aandike kwamba kodi ya maji inapanda. Mtu huyo akiondoka, pengo linazibwa na Facebook. Na Julai 2025 Bunge likaondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa redio na runinga za umma, WOSU yenu ikiwa mojawapo ya wapokeaji.

Sasa, "nimwamini nani" si swali ninaloweza kukujibu kwa jina moja. Naweza kukuambia ninavyofanya mimi. Asubuhi nasoma taarifa za shirika la habari la AP, kavu kama mkate wa juzi, na ukavu wake ndio dawa. Ya mjini nasoma kwenye magazeti ya mjini. Kadi ya maktaba ya Columbus itakufungulia mengi bure. Jambo likiwa la mahakama natafuta hukumu yenyewe, kurasa tatu za mwanzo zinatosha. Likiwa la Bunge naangalia C-SPAN, chaneli inayoonyesha vikao vyenyewe, kamera imewekwa tu na hakuna anayekufafanulia. Wachambuzi siwagusi mpaka nijue kilichotokea. Wala sichukui Fox nikachukua na CNN nikagawa kwa mbili. Wengi wanadhani ukweli unakaa katikati. Mmoja akisema Wahaiti wanakula paka na mwingine akisema hawali, katikati utapata nini, kwamba wanakula nusu?

Kijana wako usimgombeze. Sio peke yake: kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew za 2025, mtu mzima mmoja kati ya watano Marekani hupata habari TikTok mara kwa mara. Mtambo ule unapima sekunde alizokaa akitazama, haupimi kama alichotazama ni kweli. Mpe kazi: kila video inayomkasirisha akuambie nani aliipiga, wapi, lini. Mara nyingi atakwama kwenye "wapi", na watoto hawapendi kukwama mbele ya mama.

Mumeo ndiye anayenipa wasiwasi. Hofu yake haijatoka hewani tupu. Juni 2025 Wizara ya Sheria iliagiza mawakili wake wazipe kipaumbele kesi za kuwavua watu uraia. Lakini uraia wa kuapa hauvuliwi na mtangazaji, wala na ofisa wa uhamiaji mlangoni. Ni lazima serikali iende kwa jaji na ushahidi mzito, mara nyingi kwamba mtu alidanganya au alificha jambo kubwa katika maombi yake. Kwa hiyo akae chini na nakala ya fomu zake. Kama kuna jina, ndoa ya zamani, au kukamatwa kokote ambako hakukuandikwa, hapo si mahali pa runinga wala pangu. Muone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, ana kwa ana. Si yule wa kujaza fomu dukani. Kama hakuna, basi anachoumwa ni saa tano za CNN kila usiku, na kitufe cha kuzima kiko kwenye remoti. Wiki mbili zikipita na bado halali, aende kwa daktari. Kukosa usingizi ni ugonjwa wenye tiba.

Kuhusu kura: Ohio tangu 2023 hudai kitambulisho chenye picha. Kama leseni yako ya udereva ilitolewa kabla hujaapa, igeuze uitazame, huenda imeandikwa kwamba wewe si raia. Ibadilishe BMV, ofisi ya leseni za udereva, mapema na uende na cheti chako cha uraia. Kujiandikisha hufungwa mapema Oktoba. Ofisi ya uchaguzi ya Franklin County iko 1700 Morse Road, barabara ile ile unakonunua nyama halali, kwa hiyo huna udhuru. Na rafiki yako yeyote mwenye green card asijiandikishe hata karani wa BMV akimuuliza kwa tabasamu. Kosa hilo humfukuzisha mtu nchini, na "sikujua" huwa haimwokoi. Akiwa tayari amejiandikisha, awe na wakili leo, si kesho.

Nimemwacha bibi mwisho. Hakukutukana, dada. Aliuliza, na aliyeuliza hajafunga mlango. Saa nane kwa siku anasikia habari za watu kama wewe, na saa moja tu anakuwa na wewe, mikono yako kwenye mgongo wake. Usiguse remoti, ile runinga ni yao, na ukishindania chaneli utapoteza kazi bure. Ila waulize wanaopanga shughuli za wazee kama saa kumi na mbili jioni inaweza kuwekwa habari za hapo Columbus, hali ya hewa, michezo ya shule, ajali ya barabara ya 270. Wazee wengi huzipenda kuliko wanavyodhani.

Naye mwambie kisa cha yule paka aliyekutwa chini ya nyumba. Kisha mwambie kwenu Malindi paka hulala mlango wa msikiti wakisubiri vichwa vya samaki, na hakuna anayewafukuza. Akicheka, mwulize kama aliwahi kufuga.